Warsha sita kwa wakati mmoja, niingie ipi?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mi nafundisha hisabati darasa la tatu huku Kongwa, mwalimu mkuu kanichagua niende kongamano la walimu Dodoma mjini. Ratiba nimetumiwa watsapu nikaogopa, kila kipindi kuna warsha tano sita zinaenda pamoja, ipo ya TEHAMA, ipo ya mtaala, ipo ya zana za kufundishia, sasa mtu unachaguaje? Halafu nikirudi natakiwa nitoe mrejesho kwa wenzangu na mimi kuongea mbele ya watu wazima ni shida.

JIBU: Marahaba mwanangu, na hongera kwa kuchaguliwa. Hiyo ratiba iweke pembeni kwanza. Chukua madaftari ya watoto wako ya wiki hii, kaa nayo jioni uone wanakwama wapi, maana warsha unaichagua kwa shida uliyonayo darasani.

Mfano mtoto kaandika 42 − 17 = 35. Wengi tunapiga mkasi tunaendelea na daftari lingine, ila ukitulia unaona huyo mtoto hajabahatisha, ana kanuni yake kabisa, kaona 2 haitoshi kutoa 7 akageuza, 7 toa 2 akapata 5, halafu 4 toa 1 akapata 3. Kama wapo wengi wa hivyo basi warsha yako ni ile ya zana, hata kama iko chumba cha nyuma huko na watu wote wanakimbilia ukumbi mkubwa wenye projekta.

Beba madaftari mawili matatu (majina ya watoto yafunike) uyatoe kwenye kazi za vikundi. Mwezeshaji akisema tumieni zana, muulize zana ipi, na kwa darasa lenye watoto wengi kama lako inakuwaje. Anayelijua darasa atakuonyesha: vijiti 10 unafunga na mpira vinakuwa fungu moja, mafungu manne na vijiti viwili ndio 42, mtoto akitaka kutoa 7 anafungua fungu moja mwenyewe na hapo ndio anaelewa kukopa ni nini. Hiyo ifanye kwa mikono yako, pawapointi utatumiwa kwenye grupu.

Ya mtaala ulioboreshwa usiikose, ulianza kutumika Januari 2024 na darasa la tatu lilikuwa miongoni mwa madarasa ya mwanzo, kwa hiyo inakuhusu moja kwa moja, nenda na andalio la somo uliloandika mwenyewe uulizie hilo hilo. TEHAMA kama shuleni umeme bado basi isubiri.

Kingine, na hili linaniuma sana, kuna walimu wanasaini mahudhurio asubuhi halafu hao wanaenda kuzunguka soko la Majengo mpaka jioni, wakati huko shule darasa lake kaachiwa mwenzake ambaye ana la kwake tayari. Usifuate hao. Chai ikifika usijikunyate na mliokuja nao, tafuta anayefundisha darasa la tatu Bahi au Chemba, muulize yeye kutoa kwa kukopa anafundishaje, chukua namba yake.

Mrejesho sasa. Usiwasomee noti. Ukirudi lifundishe kwanza lile somo la vijiti kwa watoto wako wiki hiyo hiyo, ndio uende nalo kwenye kikao cha MEWAKA (Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini) hapo shuleni, vikao hivyo vipo kwa ajili ya walimu kujifunza wao kwa wao kazini kwao. Weka vijiti mezani, waambie wenzako watoe 17 kwenye 42 bila kalamu, utaona wao ndio wanaongea na wewe unajibu tu. Waambie na kilichogoma darasani kwako pia, labda kuna mwenzako ana dawa yake.

Ripoti ya mwalimu mkuu ukurasa mmoja unatosha, ambatanisha picha ya daftari moja kabla ya somo na baada ya somo.