Nimefunika Pengo la Rafiki Yangu kwa Pesa za Chama

Shangazi,

Mimi ni mweka hazina wa chama cha wanawake 16 hapa Manyatta, Kisumu. Kila Jumamosi kila mmoja hutoa shilingi 500 za mzunguko, na kando ya hizo tuna pesa za mezani ambazo tunakopeshana kwa riba ya asilimia 10 kwa mwezi. Mwezi wa Agosti rafiki yangu, ambaye ni fundi wa nguo, alikopa shilingi 12,000 nami nikamdhamini. Mumewe akaugua, na mpaka sasa, Novemba, hajalipa chochote. Wenzetu wameamua kwamba Jumamosi ijayo tutakwenda kwake kuchukua cherehani. Wasichojua ni kwamba hata mzunguko hajautoa kwa wiki saba. Nimekuwa nikichota pesa za mezani na kuandika daftarini kwamba ametoa, nikitumaini atarudisha kabla hatujagawana mwezi wa Desemba. Sipati usingizi. Nifanyeje?

Mweka Hazina, Kisumu

Mwanangu,

Nimeisoma barua yako mara mbili, na mara ya pili nikaona kwamba umeniuliza habari za cherehani ilhali kinachokunyima usingizi ni daftari. Deni la rafiki yako linajulikana na kila mtu chamani. Zile wiki saba, ambazo ni shilingi 3,500, ziko katika mwandiko wako wewe, na ndizo zitakazoonekana siku mtakapohesabu pesa za kugawana. Kwa hiyo tuanzie hapo.

Naamini ulifanya hivyo kwa huruma. Hata hivyo, pesa za mezani ni za wanawake 16, na kila mmoja wao alikuwa na haki ya kuulizwa kama angependa kumsaidia mwenzake kwa fungu lake. Tena kuna jambo ambalo sidhani umeliona: ulipoandika kwamba ametoa, ulimharibia jina rafiki yako bila kukusudia. Wenzenu wakifungua daftari wanamwona mwanamke anayetoa shilingi 500 kila wiki bila kukosa, lakini kwa miezi mitatu hataki kulipa mkopo. Ni nani asiyekasirika? Laiti wangejua kwamba hata za mzunguko zimemshinda, huenda mazungumzo yao yangekuwa ya kumtembelea mgonjwa, wala si ya kubeba cherehani.

Basi sema. Kabla ya Jumamosi, mweleze mwenyekiti ana kwa ana, kisha siku ya mkutano ulieleze jambo hili wewe mwenyewe mbele ya wote, kabla hawajafika kwenye suala la mkopo. Nenda na sehemu yoyote ya hizo 3,500 utakayoweza kuipata, uiweke mezani. Usichane ukurasa wala usifute. Chora mstari mmoja juu ya kila andiko lisilo la kweli, andika lililo sahihi pembeni, na mwombe katibu atie sahihi. Wakikutoza faini, lipa. Wakitaka kukuondoa katika kazi ya hazina, kabidhi daftari bila kubishana, maana wana sababu. Litakuuma, sikufichi, lakini kusema mwenyewe ni tofauti kabisa na kubainika.

Ukishasema hayo, utakuwa na ujasiri wa kuwazuia wasiende kwa fundi. Mimi nimewahi kuwa miongoni mwa wanawake waliokwenda kubeba viti vya mwenzao. Tuliviuza kwa bei ya kutupa, deni halikuisha, na mwenye viti hakusalimiana nasi tena hadi alipohama mtaa. Bado naona haya nikikumbuka watoto wake walivyosimama mlangoni wakitutazama. Tena kuingia kwa mtu na kuchukua mali yake bila ridhaa yake wala amri ya mahakama kunaweza kuwafikisha ninyi wenyewe kituo cha polisi. Chama kinachodai kihalali kinaweza kwenda kwa chifu kupatanishwa, au kwa afisa wa maendeleo ya jamii, na ikishindikana kabisa ipo Mahakama ya Madai Madogo, ambayo husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1.

Isitoshe, hicho cherehani ndicho kitakacholipa. Shule zikikaribia kufunguliwa Januari, wazazi hutafuta mafundi wa kushona sare, na hakuna msimu bora kwa mtu wa kazi yake. Mkimchukulia cherehani Novemba, mtakuwa mmemchukulia na Januari yake.

Hebu nawe fanya hesabu hii mbele ya wenzako. Riba ya asilimia 10 juu ya 12,000 ni shilingi 1,200 kwa mwezi. Akijikaza akalipa shilingi 300 kila wiki, kwa wiki nne atakuwa ametoa 1,200, zote zikaishia kwenye riba, na mkopo wenyewe ukabaki palepale. Waombe wasimamishe riba kuanzia mkutano huo. Deni lenyewe litakwisha kwa wiki 40, na wakisisitiza kuongeza riba ya miezi mitatu iliyopita, ambayo ni 3,600, litakwisha kwa wiki 52. Someni katiba yenu pia. Vyama vingi hutenga mfuko wa ugonjwa na msiba, na kama wenu upo, mtu aliyeuguza mume tangu Agosti alistahili kufikiriwa zamani. Wewe nawe ni mdhamini, kwa hiyo usikae kama mtazamaji: taja kiasi ambacho utamlipia wiki ambazo atakwama, hata kikiwa shilingi 100.

Kuhusu ulivyoweza kuandika pesa zisizokuwepo kwa wiki saba bila mtu kutambua, yaelekea wewe peke yako ndiye unayepokea michango na kuiandika. Hilo ni kosa la chama kizima, na halikutendei haki hata wewe. Pendekeza pesa zihesabiwe mbele ya wote, salio lisomwe kwa sauti mwanzo na mwisho wa kila mkutano, na mtumie sanduku lenye kufuli tatu ambazo funguo zake hukaa kwa wanachama watatu tofauti, kama vikundi vingi vya akiba vinavyofanya.

Lakini kabla ya yote hayo, nenda kwa rafiki yako leo jioni. Mweleze kwamba Jumamosi utasema kila kitu, asije akalisikia kwa watu. Mwombe aje mkutanoni hata kama ana aibu, na aje na daftari lake la oda za sare, ili wenzake waone kwa macho yao kazi aliyonayo mkononi na siku atakayolipwa.

Shangazi