Usizime masasisho kwa sababu ya mwonekano

Swali: WordPress, programu inayoendesha tovuti yetu, imetubadilishia ukurasa wa kuandikia. Mhariri anataka tuzime masasisho yote na kurudi toleo la zamani. Tufanyeje? (Msomaji, Umoja)

Jibu: Msizime. Mnachokikataa ni kihariri cha bloku, ukurasa wa kuandikia ambamo kila aya au picha ni kisanduku chake, kilichoingia na toleo la 5.0 Desemba 2018. Kurudisha cha zamani kuna plagini (programu ndogo ya nyongeza) ya bure, Classic Editor, kutoka kwa watengenezaji wenyewe. Isakinishe, ingia mipangilio ya uandishi, ruhusu kila mtu achague. Kwenye orodha ya makala, chini ya kila kichwa, mtaona viungo viwili vya kuhariri: kimoja cha bloku, kingine cha zamani. Mkizima masasisho mnazuia pia marekebisho ya usalama, na siku moja wadukuzi wataingia, wasomaji wenu wafungue habari za mtaa wakute matangazo ya dawa za nguvu za kiume.

Swali: Menyu ya kushoto imepotea! (Kawangware)

Jibu: Nimeshalijibu hili huko nyuma, tafadhali someni. Tangu toleo la 5.4, Machi 2020, kihariri hufunguka skrini nzima. Bonyeza vidoti vitatu juu kulia, ondoa alama ya skrini nzima.

Swali: Fundi ameniuzia WordPress "isiyobadilika kamwe". Ni salama? (Ngara)

Jibu: Hapana. Hilo ni toleo la zamani lililofungwa masasisho. Kama hutaki bloku kabisa, kuna ClassicPress, iliyochipuka kutoka WordPress mwaka 2018. Ni bure na inatunzwa, ila hakikisha kwanza plagini zako zinaelewana nayo.

Swali: Waandishi wangu wanapinga kila mwonekano mpya. Si uvivu huo? (Kilimani)

Jibu: Si uvivu, na neno hilo linaniudhi. Mtu anayekimbizana na saa ya kufunga habari hatazami vitufe. Mkono unavijua vilipo. Ukivihamisha umemwongezea kazi ambayo hakuna anayemlipa. Kwa asiyeona, anayetegemea kisoma-skrini, programu inayomsomea skrini kwa sauti, ni zaidi ya usumbufu: anaweza kufungiwa nje. Oktoba 2018, kabla toleo la 5.0 halijatoka, Rian Rietveld, aliyeongoza timu ya ufikivu ya WordPress, inayohakikisha wenye ulemavu nao wanaweza kuitumia, alijiuzulu, na hali ya ufikivu wa kihariri hicho ilikuwa miongoni mwa sababu zake. Anayewaita wapinzani wavivu hajasikiliza wanachosema.

Ila nao waseme mapema. Matoleo ya majaribio hutolewa wazi, yeyote anaweza kuyapakua. Tengeneza nakala ya tovuti pembeni, mkalishe mwandishi anayelalamika zaidi, aandike habari nzima mbele yako. Andika kila anapokwama, uwapelekee watengenezaji kabla toleo halijatoka.