Intavyuu: toa jibu ambalo msaili ana cha kuandika

Nimemsoma mdogo wangu hapo juu anayeuliza kwanini ameitwa intavyuu tano na zote zimeishia "tutakupigia", wakati maswali ni yale yale na majibu ameyakariri. Ngoja nikujibu kwa urefu kidogo maana nimekaa pande zote mbili za ile meza.

Mimi nilikosa kazi nne mfululizo kabla sijapata ya stoo na kila nikitoka nilikua najua nimejibu vizuri, nimesema mi mchapakazi, mwaminifu, najituma, naweza kufanya kazi chini ya presha. Miaka ikapita nikawa msimamizi, siku moja nikaitwa kukaa kwenye paneli, yaani wale wanaouliza maswali. Nikapewa karatasi, juu jina la msailiwa, chini maswali manane, kila swali lina alama 1 mpaka 5 na mistari miwili ya kueleza kwanini umempa hiyo alama. Akaingia kijana wa kwanza, kapendeza, sauti nzuri, akasema "mimi ni mchapakazi na najituma sana". Kalamu ikabaki hewani. Niandike nini, kwamba amesema anajituma? Wa pili hivo hivo, wa tatu hivo hivo. Akaja dada mmoja anatetemeka kabisa, sauti haisikiki vizuri, akasema alikotoka hesabu ya mzigo ilikua haikubaliani na ya kwenye kompyuta kila mwisho wa mwezi, akaamua kila asubuhi kabla hawajafungua anahesabu rafu moja tu, akagundua vitu vinavyorudishwa na wateja vinawekwa rafuni bila kuingizwa kwenye mfumo, akaweka daftari mlangoni, ndani ya miezi mitatu tofauti ikashuka kutoka bidhaa 40 mpaka 6. Niliandika mpaka mistari ikaisha. Kazi alipata yeye.

Kwahiyo mdogo wangu, sifa haiandikiki, tukio linaandikika. Kulikua na tatizo gani, we ulitakiwa ufanye nini, ukafanya nini kwa mkono wako, ikaleta nini. Na angalia sana hii "tu", "tulifanya, tulipunguza, tulifanikisha", inakuficha, msaili anabaki hajui wewe ulikua wapi. Wenzako wataje, ila sehemu yako sema "nili".

"Jielezee" ndo inayoangusha wengi. Usianze na ulikozaliwa wala shule ya msingi. Anza na unachofanya saivi, kisha kitu kimoja au viwili ulivyowahi kufanya vinavyogusa hii kazi, alafu kwanini umeiomba. Dakika mbili zinatosha kabisa. Kabla hujaenda chukua tangazo la kazi uzungushie duara mambo matatu wanayoyataka zaidi, jibu lako liyaguse hayo.

Wakiuliza udhaifu wako, usiseme "napenda kila kitu kiwe kamili", paneli inalisikia hilo kila siku. Taja wa kweli, ambao sio moyo wa kazi yenyewe (umeomba uhasibu usiseme hesabu zinakusumbua), alafu onyesha unaufanyia nini. Mimi nilisema nilikua siwezi kukataa ombi, kila idara ikija napokea, mpaka siku mizigo miwili ikachelewa kutoka, toka hapo kila ombi naandika ubaoni na saa litakapokamilika, likizidi nampelekea bosi achague lipi litangulie. Waliniuliza maswali mawili juu ya huo ubao, nikajua wamenielewa.

Kwanini uliacha kazi? Jibu fupi, na usimseme vibaya bosi wa zamani hata kama alikuonea, maana wanaokusikiliza wanajiwazia wao ndo watakaofuata kusemwa. Kama ulifukuzwa sema ukweli kwa sentensi mbili na ulichobadilisha, wadhamini wako watapigiwa simu tu. Mshahara, ulizia mapema kazi kama hiyo inalipwaje, alafu taja kuanzia kiasi fulani mpaka kiasi fulani, na kile cha chini kiwe unachoweza kuishi nacho kweli. Lile swali la "unajiona wapi miaka mitano ijayo", wanataka kujua tu kama utakaa na kama unataka kukua, usihangaike nalo sana.

Kama hujawahi kuajiriwa usiogope, tukio la kujitolea, la mradi wa chuo, hata la kusimamia biashara ya nyumbani ni tukio. Usikariri majibu, andika matukio sita ya kwako, maana tukio moja linaweza kujibu swali la presha, la ugomvi na mwenzako, na la kosa ulilofanya, inategemea unaanzia wapi kulisimulia. Yaseme kwa sauti, sio kichwani.

Na wakikuuliza kama una swali usiseme sina. Waulize atakayepata hii nafasi wangependa awe amekamilisha nini ndani ya miezi mitatu ya kwanza. Wakijibu sikiliza vizuri, kama una tukio linalogusa hapo litoe hapo hapo.

Sasa weka hapa jibu lako la "jielezee" kama ulivyolisema intavyuu ya mwisho, na tangazo lilivyokua linataka, nitalipitia mstari kwa mstari.