Je, padri Mkatoliki anaweza kuruhusiwa kuoa?

SWALI: Tumsifu Yesu Kristo, Padri. Ninakaa Shela, Malindi. Majirani zangu Waislamu huniuliza mbona imamu wao ana mke na watoto, na padri wangu hana. Petro mwenyewe alikuwa na mke. Kwa nini Kanisa lisiwaache mapadri waoe?

JIBU: Milele na milele, amina. Mwanangu, ni kweli. Mathayo 8:14 yasema Yesu alimkuta mama mkwe wa Petro yu kitandani ana homa. Basi wajibu majirani bila kigugumizi: useja si fundisho la imani kama Utatu Mtakatifu. Ni sheria ya Kanisa la Kilatini, yaani la Magharibi, na Baba Mtakatifu anaweza kuibadilisha.

Ila umefunga maswali mawili katika kanga moja. Mwenye mke anaweza kupewa upadri? Anaweza. Makanisa Katoliki ya Mashariki, yaliyo chini ya Papa huyo huyo, yana mapadri wenye wake. Aliyekwisha kupewa daraja takatifu, yaani ushemasi au upadri, je, anaweza kuoa? Hapo Mashariki na Magharibi wanasema hapana. Hata shemasi wa kudumu, yule asiyeendelea kuwa padri, mwenye mke, akifiwa naye, haoi tena bila ruhusa ya Roma. Kwa hiyo anayedai mabadiliko na adai hilo la kwanza.

Kizuizi hiki kina meno. Mtaguso wa Pili wa Laterani, mkutano mkuu wa maaskofu wa mwaka 1139, ulitamka kuwa ndoa ya padri si ndoa, na Kanuni ya 1087 ya Sheria ya Kanisa ya leo yasema vivyo hivyo. Padri akifunga ndoa ya serikali, Kanisani hahesabiwi kuwa na mke. Anapoteza wadhifa wake papo hapo na kusimamishwa huduma. Njia halali ni kumwandikia askofu, faili lipelekwe Roma, na Papa peke yake ndiye amfunguaye useja. Hapo ataoa kanisani. Daraja lakini halifutiki: mtu aliye katika hatari ya kufa akiungama kwake, ondoleo lile ni halali.

Wapo wanaotaka mapadri wenye wake kwa sababu mapadri ni wachache, na hoja hiyo naipa uzito mkubwa. Jimbo la Malindi linafika hadi Lamu na Tana River, na Mkristo wa kigango cha mbali ana haki ya Ekaristi sawa na wa mjini. Sinodi ya Amazonia ya 2019, mkutano wa maaskofu kuhusu eneo hilo la Amerika ya Kusini, iliomba wanaume waliooa wapewe daraja. Papa Fransisko hakulipitisha ombi hilo. Nami bado naona useja ubaki, ingawa si kwa sababu ya kashfa, maana wenye ndoa nao huzini. Naitazama nyumba ya paroko: sadaka inayomlisha mtu mmoja italipa karo za watoto watatu? Askofu akimhamisha kutoka Lamu kwenda Garsen katikati ya muhula, watoto watasoma wapi, na mke atauacha ualimu wake? Anayetaka mabadiliko aanze na bajeti hiyo.

Majirani waambie na hili pia: hakuna aliyemnyang'anya padri wako mke. Aliahidi useja kwa hiari yake mbele ya askofu, alipokuwa akipewa ushemasi, naye hakuwa chini ya miaka 23.