Mteremko huamuliwa ukiwa bado juu: kuvuta tela la kambi milimani

Kazi yangu ni kuendesha Land Cruiser za safari za mahema, na nyuma ya gari mara nyingi kunakuwa na tela: magodoro, jiko, mitungi ya gesi, madumu ya maji, chakula cha siku zote za porini. Siku hizi naona na familia za hapa nyumbani zikitoka likizo na matela ya kulala, mengine yameagizwa kutoka Afrika Kusini, mengine yamechomelewa mtaani na mafundi wetu. Jambo hilo linanifurahisha sana. Ila karibu kila anayeniomba ushauri huuliza kama gari lake litaweza kupanda mlima. Mimi humrudisha kwenye kushuka. Gari likishindwa kupanda litasimama, utatia jiwe nyuma ya tairi, utapunguza mzigo, msaada utakukuta hapo. Likishindwa kushuka, halikupi hata nafasi ya kufikiri.

Hesabu yake ni hii. Gari na tela vikiwa na jumla ya tani 4, kila mita 500 za kimo mnazoshuka zinazalisha joto la kutosha kuchemsha karibu ndoo tatu za maji za lita 20. Kutoka Karatu hadi Mto wa Mbu mnashuka kiasi cha kukaribia hapo, na sehemu kubwa iko kwenye zile kona za ukuta wa Bonde la Ufa, Ziwa Manyara likiwa chini yako. Joto lote hilo lazima liende mahali. Ama litabebwa na injini kidogo kidogo, ama litaingia kwenye diski na dramu za breki zako, na breki hazina uwezo wa kulipokea lote kwa mara moja.

Ndiyo maana gia huchaguliwa kabla barabara haijainama. Ukifika juu, pale watalii wanaposimama kupiga picha za ziwa, punguza mwendo hadi ule unaotaka kushuka nao, ingiza gia ya pili au ya tatu, ndipo uanze. Madereva wa zamani husema ushuke kwa gia uliyopandia. Kwa gari lenye tela mimi naongeza: ukiwa na shaka, weka ya chini zaidi. Injini italia, watu nyuma yako watapiga honi, waache wapige. Gari likishakolea mwendo katikati ya mteremko, kurudisha gia inakuwa kazi ngumu, na ukikanyaga klachi ili uitafute, kwa sekunde hizo gari linakwenda bila kushikwa na injini kabisa. Kuhusu kushuka na nyutro ili kubana mafuta, sina lugha ya upole. Usifanye. Wenye gari la otomatiki nao wasiache mshale kwenye D mlima mzima. Shusha kwenye 2 au L uzuie gia zisipande.

Gia ikikaa sawa, mguu unabaki na kazi ndogo. Amua mwendo wako wa juu, tuseme kilomita 40 kwa saa. Ukifika hapo, kanyaga breki kwa uthabiti hadi 30, kisha achia kabisa. Mwendo ukipanda tena, rudia. Ule muda wa kuachia ndio breki zinapata upepo. Dereva anayegusa pedali kidogo kidogo bila kuachia anadhani anaendesha kwa upole, kumbe anazipika. Utaanza kusikia harufu kali ya pedi, kisha pedali itakuwa ngumu bila gari kupungua, au italegea na kuzama. Ikizama, mara nyingi ni mafuta ya breki yaliyochemka. Mafuta hayo hunyonya unyevu wa hewa kadiri muda unavyokwenda: yale ya daraja la DOT 4, yakiwa mapya, huchemka kwenye nyuzi 230 za Selsiasi au zaidi, lakini yakishaingia maji kiwango chake kinaweza kushuka hadi 155. Mapovu ya mvuke yakijaa kwenye mpira wa breki, unachokanyaga ni hewa. Badilisha mafuta hayo kila miaka miwili, hata kama chupa bado imejaa.

Sasa tuje kwenye breki za tela lenyewe. Matela mengi yanayochomelewa mitaani hayana breki yoyote. Ulaya tela lisilo na breki zake haliruhusiwi kuzidi kilo 750 pamoja na mzigo, na mimi naona hicho ni kipimo kizuri kwa yeyote anayepanga kwenda milimani. Tela la kulala lenye kitanda, friji na tangi la maji hupita kiasi hicho upesi sana. Kama unaagiza kwa fundi, lipia ekseli yenye breki kabla hujalipia rangi na taa za mapambo.

Aina inayopatikana zaidi ni ya kusukuma: tela likilisukuma gari, pua yake, yaani ule mkono wa mbele unaoshikana na gari, inarudi ndani na kukaza breki. Ni mtambo mzuri, lakini una tabia ambayo wengi hawaijui. Kwenye mteremko mrefu tela husukuma muda wote, kwa hiyo breki zake zinashika muda wote, hata kama wewe hujagusa pedali. Injini ikilizuia gari, breki za tela zinazidi kukaza. Tafuta mahali penye nafasi ya kuegesha katikati ya mteremko, si kwenye kona, upumzike dakika 15 au 20 ili zipoe. Breki za umeme zinazoamriwa kwa kidude karibu na usukani ni bora zaidi, maana unaweza kulishika tela peke yake kwa mkono.

Hilo la mkono litakuokoa tela likianza kuyumba. Likianza kwenda kushoto na kulia, usikanyage breki ya gari kwa nguvu, usipambane nalo kwa usukani, wala usisikilize ushauri wa kuongeza mafuta ili linyooke. Shika usukani sawa, ondoa mguu kwenye eksileta, na kama una breki ya umeme ikaze taratibu kwa mkono.

Mara nyingi kuyumba huanzia kwenye upakiaji. Nimewahi kumwona mpishi, kwa nia njema kabisa, akipanga madumu yote ya maji nyuma mlangoni ili ayafikie kirahisi kambini. Kabla ya kufika Makuyuni tela lilikuwa linacheza, na barabara pale haina hata mlima. Vitu vizito vikae chini, juu ya ekseli au mbele yake kidogo, na pua ya tela iegemee gari kwa asilimia 10 hadi 15 ya uzito wote. Tela la kilo 800 linapaswa kulalia gari kwa kilo 80 hadi 120. Kulipima ni rahisi: nenda kwa wenye mizani ya magunia sokoni, weka gurudumu dogo la pua juu ya bamba, soma. Watakushangaa kidogo, kisha watakusaidia. Halafu funga ile minyororo ya usalama kwa kuipishanisha chini ya pua, ili ndoana ikiachia, pua iangukie juu ya minyororo na si kwenye lami.

Kupanda nako kuna mambo yake, ingawa machache. Land Cruiser nyingi za kazi zina injini ya dizeli ya 1HZ isiyo na tabo ya kuisukumia hewa, na injini ya namna hiyo hupoteza karibu asilimia 10 ya nguvu kila mita 1,000 za mwinuko. Ukingo wa Ngorongoro unapita mita 2,200, kwa hiyo usishangae gari lililovuta vizuri Arusha likichoka huko. Zima kiyoyozi, angalia mshale wa temperecha, shuka gia mapema. Ukivuka lango la Lodoare, la kuingilia Ngorongoro, barabara ni ya udongo, na asubuhi yenye ukungu inateleza. Hapo ndipo fo-wili ina kazi.

Mlima Kitonga, kwenye barabara ya Morogoro kwenda Iringa, ni habari nyingine. Ugumu wake ni malori. Unaweza kukaa nyuma ya lori linalotambaa kuelekea Ilula hadi uvumilivu ukuishe, na kuovateki na tela kunahitaji nafasi ambayo kona za pale hazikupi. Kaa nyuma, tena acha nafasi kubwa, kwa sababu lori likishindwa litarudi kwako. Ukiona matawi ya majani yametandazwa barabarani, punguza hapo hapo, maana chombo kilichoharibika kipo mbele ya kona. Beba pembetatu zako na vigingi viwili vya mbao, na utingo au mwenzako ajue kabla ya safari kwamba gari likisimama mlimani anashuka yeye kwanza na kigingi.

Ukifika chini, usiegeshe ukavuta handibreki papo hapo breki zikiwa za moto. Tembea taratibu kilomita moja mbili ziingie upepo, kisha simama pa tambarare na utie vigingi. Pitisha kiganja karibu na kila habu, pale katikati ya gurudumu, bila kugusa. Moja ikiwa na joto kuliko mwenzake wa upande wa pili, kuna breki inayong'ang'ania au beringi inayokufa, na hapo safari inasubiri fundi. Usimwage maji kwenye diski ya moto, inaweza kupinda au kupasuka. Agiza chai, subiri ipoe yenyewe.