Dawa ya ukoko wa birika ni siki, si magadi
Ndugu uliyeuliza kama magadi yataondoa ukoko mweupe ndani ya birika, hayatasaidia, tumia siki. Kinachoganda ndani ya birika kwa sisi tunaochemsha maji ya kisima hapa Lindi ni chokaa, yaani kalisiamu kaboneti, ambayo huyeyushwa na asidi, na ndiyo maana utaona mapovu siki au maji ya ndimu yanapougusa. Magadi, kwa kuwa ni alikali, yaani kinyume cha asidi, yanafaa kwa mafuta yaliyoganda kwenye kikaango cha samaki. Mimi huweka siki na maji nusu kwa nusu, nachemsha, kisha naacha saa moja. Birika la aluminiamu lisiloweshwe muda mrefu, kwani asidi hulila. Wala usichanganye siki na jiki: hutoa gesi ya klorini, ambayo ni sumu.