Sikiliza wimbo, usitegemee rangi

Umeuliza kama rangi ya kifua inatosha kutofautisha aina mbili za Sturnella, ndege wa nyasini wa Amerika. Hapana, haitoshi. Yule uliyemwona juu ya nguzo ya uzio kwenye hifadhi ya prairi (mbuga ya nyasi) kule Kansas, Marekani, mwenye kifua cha njano na alama nyeusi ya V, anaweza kuwa Sturnella wa mashariki au wa magharibi, maana wote wawili wanapatikana jimboni humo na sura zao karibu ni moja. Njano ya wa magharibi hupanda kidogo hadi shavuni, lakini kwa mbali, jua likiwa usoni mwako, huioni.

Masikio ndiyo yanayoamua. Wa mashariki hutoa miluzi michache, safi, inayoteleza kushuka, basi. Wa magharibi huanza na miluzi mizito kisha humalizia kwa mbubujiko wa haraka, kama mtu anayepuliza filimbi akiichezesha vidole vyote. Nimesimama asubuhi nyasi zikiwa bado na umande, nikamsikia wa pili kabla sijamwona, na sikuwa na shaka hata kidogo. Ni wimbo mzuri mno! Audubon, mchoraji na mtafiti wa ndege, alimpa huyu wa magharibi jina la kisayansi la neglecta mwaka 1844, yaani aliyepuuzwa, kwa kuwa watu walikuwa wamempita tu.

Ila pale wanapoishi pamoja, dume mmoja mmoja hujifunza wimbo wa mwenzake. Ukisita, subiri mlio mfupi wa kushtuka: wa mashariki hukwaruza, wa magharibi hutoa "chup" nzito.